Chupa ya Njano

Monclova, Jumanne, saa moja na nusu asubuhi.
Moshi wa tanuri la chuma umelala juu ya mapaa
kama mtu aliyegoma kuamka.
Don Evaristo anavua soksi, mimi navaa glavu.
Hatusalimiani mpaka mguu uwe juu ya stuli.

Miaka thelathini na mmoja alisimama mbele ya chuma kinachochemka,
akauogopa moto tu.
Kilichompata ni ribiti moja, ndogo kama punje ya mahindi,
iliyodondokea ndani ya buti.
Aliikanyaga siku nne.
Mguu haukumwambia.
Mkewe ndiye aliyeona wekundu kwenye vigae vya jikoni,
akachukua tambara, akidhani amemwaga mchuzi wa pilipili.

Sukari ndivyo ilivyo:
haianzi kwa kuiba mguu,
huanza kwa kuiba habari za mguu.

Kabatini kwangu zimo chupa za stika nne:
njano, buluu, kijani, zambarau.
Rangi mbili ni dawa ya kuua vijidudu,
rangi mbili ni maji ya chumvi, basi.
Zipi ni zipi, sijui. Daktari Zertuche hajui.
Inajua bahasha moja huko Monterrey, imefungwa kwa lakiri.
Ujinga huu tumeutilia sahihi, kurasa kumi na moja.

Nachora mpaka wa kidonda kwenye plastiki angavu:
kisiwa chini ya kidole gumba,
sentimita tatu nukta mbili.
Navuta bomba, nasukuma polepole.
Maji yanaingia pasipofika jicho,
yanarudi beseni na rangi ya chai iliyolala.
Donda ndugu,
na kweli kama ndugu: limekuja na mizigo yake,
halisemi litaondoka lini.

"Inauma?"
"Laiti ingeuma, Nereida."

Kiti cha pili ni cha Doña Tomasa, wa buluu.
Wanachunguliana vidonda
kama majirani wanaochunguliana sufuria.
"Yangu inanuka bwawa la kuogelea," anasema Don Evaristo,
"yangu ndiyo dawa."
"Pua yako iliungulia kiwandani," anajibu Tomasa.
Lakini wiki ya tano alinivuta mkono, akanong'ona:
nipe ya njano, binti, mara moja tu.
Nilikataa.
Nikaenda stoo, nikasimama gizani kati ya makatoni
mpaka uso wangu uliporudi kuwa wa muuguzi.

Wiki ya tisa kidonda cha Tomasa kilifumba.
Ngozi mpya, nyororo kama kope ya mtoto.
Wiki ya kumi picha ilionyesha giza kwenye mfupa wa Don Evaristo.
Wakamkata vidole viwili.
Alipozinduka aliuliza kama nambari yake bado inahesabika.

Machi wakaivunja lakiri.
Njano: chumvi.
Buluu: chumvi.
Na kwa wagonjwa wote mia na kumi na wanane
tofauti ilikuwa nyembamba, huenda ni bahati tu;
linatakiwa jaribio kubwa zaidi,
aliandika Daktari Zertuche, akavua miwani,
akayafikicha macho muda mrefu.

Nilimpelekea habari nyumbani.
"Na ile harufu ya bwawa?"
"Ilikuwa yako, Don Evaristo."
Akacheka hadi akakohoa.
Kisha akauliza ya Tomasa, nikamwambia.
Akanyamaza. Mbwa wa jirani alibweka, akachoka.
"Basi ni mikono yako," alisema.
"Nilikuosha wewe kwa mikono hii hii," nilisema,
na hapo hatukuwa na la kuongeza.

Mlangoni niliinama,
nikakiinua kiatu cha mguu wake uliobaki mzima,
nikakigeuza, nikakikung'uta.
Hakikutoka kitu.
Nikakikung'uta tena.